Mrejesho: Stellarium kwenye kompyuta za shule zisizo na intaneti

Niliuliza kwa nini Stellarium, programu ya kompyuta inayoonyesha nyota na anga, inaonyesha anga tofauti na lile wanafunzi wanaloliona Dar es Salaam. Tatizo limekwisha, asanteni sana.

Kiini kilikuwa eneo. Bila intaneti programu ilibaki kwenye eneo lake la mwanzo, Paris. Bonyeza F6, ondoa alama ya kutafuta eneo kupitia mtandao, chagua Dar es Salaam, kisha weka alama ya kulifanya eneo la kudumu. Mkiandika latitudo wenyewe, iwe 6.8 kusini. Ukaguzi ni rahisi: Nyota ya Kaskazini ikionekana nyuzi 7 hivi juu ya upeo wa macho, mmeandika kaskazini, ikiwa karibu nyuzi 49, bado mko Paris. Kwetu haitakiwi kuonekana kabisa.

Jambo la pili ni saa, na hili huwapoteza wengi: saa tatu usiku huandikwa 21:00 (dirisha la saa hufunguliwa kwa F5), si 3:00. Katikati ya Mei, muda huo, kundi la nyota la Msalaba wa Kusini linasimama wima upande wa kusini, nyuzi kama 37 juu. Watoke nje walinganishe!

Herufi C huleta mistari ya makundi ya nyota, A huondoa angahewa.