Programu ya Java inafunguka kwangu tu, kwa wenzangu inagoma

Wakuu, naombeni ushauri. Nimeandika programu ya Java ya kutunza kumbukumbu za kikundi chetu. Kwangu, Windows yenye Java 17, haina shida. Mwenzangu wa kwanza, naye yuko Windows, anaambiwa faili ni toleo 61.0 na Java yake inaishia 52.0. Wa pili ana Linux: inafunguka, ila nembo haionekani. Wa tatu ana Mac, hana Java kabisa. Wiki nzima nahangaika. Niiandike upya kwa lugha nyingine?

Jibu la 1
Usiandike upya, mkuu. Namba zimeshakuambia: 61 ni Java 17, 52 ni Java 8, na ya zamani haisomi kilichokompailiwa (msimbo uliogeuzwa kuwa faili ya kuendeshwa) kwa ajili ya mpya. Acha kutegemea watu wasakinishe Java, ifungashe humo humo ndani ya programu. Zana iitwayo jlink inakutengenezea Java ndogo yenye moduli (sehemu za Java) unazohitaji tu, kisha jpackage, iliyokamilika rasmi kwenye Java 16, inatoa kifurushi. Ila ukiwa Windows haitoi kifurushi cha Mac. Kila mfumo endeshi unafungashiwa kwake.

Jibu la 2
Kifurushi kitakuwa kizito, na Java ikitoa marekebisho ya usalama itabidi ufungashe tena. Mimi ningekompaili kwa chaguo la --release 8, ili hata Java 8 iiendeshe. Usiishie kwenye chaguo za -source na -target, maana zitakuacha uite vitu ambavyo Java 8 haina, halafu programu imfie mtumiaji mkononi.

Muuliza
Nimetumia record (darasa fupi la kubeba data, halikuwepo Java 8) karibu kila mahali.

Jibu la 2
Hapo Java 8 haiwezekani. Fungasha.

Jibu la 3
Nembo iko nje ya jar (faili moja inayobeba programu ya Java)? Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya faili, Windows kwa kawaida haijali. Pia, kabla ya Java 18, Java ya Windows ilisoma maandishi kwa usimbaji (namna ya kuhifadhi herufi kama namba) wa mfumo wenyewe. Taja usimbaji wa UTF-8 kila unaposoma na kuandika faili, la sivyo herufi zenye alama zitavurugika zikihamia kompyuta nyingine.

Muuliza
Ni kweli! Faili inaitwa Nembo.png, mimi niliandika nembo.png. Linux imekubali, asanteni sana. Sasa Mac?

Jibu la 1
Muulize kwanza kama ni ya prosesa ya Intel au ya Apple yenyewe (M1 kwenda mbele), Java utakayofungasha ilingane na prosesa hiyo. Akikuruhusu, fungashia kwenye kompyuta yake.