Chatu wangu amegoma kula tangu baridi ianze (Newala)

Mwalimu_wa_Newala
Habari zenu wadau. Nafundisha baiolojia hapa Newala na nina chatu wa kufundishia. Kibali cha TAWA (mamlaka ya wanyamapori) ninacho, kwa hiyo naomba tusipoteze muda huko. Aliletwa mwezi wa tano kutoka bonde la Ruvuma. Wakulima walimkuta kwenye mpunga, bahati nzuri wakapiga simu kabla ya kushika mapanga. Urefu wake unakaribia mita 2.

Mwanzoni alikula vizuri tu, panya wa shamba hawa hawa tunaowaita samaki nchanga. Baridi ilipoingia mwezi wa sita, basi. Namwekea panya mzima jioni, anatoa ulimi mara mbili tatu, kisha anarudisha kichwa nyuma na kukisokomeza chini ya karai la maji. Asubuhi panya bado anazunguka humo ndani. Kifaranga ndiyo hataki hata kukinusa. Macho yake yako safi, hatoi povu, na mgongo haujachongoka. Banda ni la mbao lenye wavu mbele, liko stoo, na taa moja juu.

Majirani wanasema nimpanue mdomo nimsukumie nyama. Siwezi kumfanyia hivyo. Nisaidieni, huyu mnyama nampenda na naona kama ananifia mikononi.

Kusini_Damu
Pole sana mwalimu. Ukishindwa kabisa, waambie TAWA wakusaidie kumrudisha bondeni.

Mzee_wa_Masasi
Mwalimu, hongera kwa kukataa hilo la kumpanua mdomo. Nilihudumia nyoka Arusha miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, na nimeona chatu wazuri wakiharibiwa koo na watu wenye haraka. Usimguse.

Huyo umemtoa bondeni kwenye joto ukampandisha Newala, na Newala ya mwezi wa saba naijua, ukungu mpaka saa tatu asubuhi. Chatu hana joto lake mwenyewe, analipata nje. Mwili ukipoa, tumbo halisagi, na akimeza panya hapo anaweza kumwozea tumboni akamtapika. Kwa hiyo anakataa kwa akili kabisa. Upande mmoja wa banda uwe na nyuzi 31 au 32, mwingine 25 hivi, ahamie anakotaka. Taa izungushie wavu, maana chatu atajiviringisha kwenye balbu moto mpaka ngozi iungue. Umeme ukikatika, jaza maji ya moto kwenye dumu, livike blanketi, liweke kando yake.

Pili, panya mzima asilale humo. Nyoka aliyepoa hajitetei, na panya mwenye njaa humtafuna mgongoni. Nimeona kidonda cha namna hiyo kikifika kwenye mbavu.

Tatu, anaficha kichwa chini ya karai kwa sababu hana pa kujificha. Mpe boksi la kumtosha akiwa amejikunja, na mbele funika kitambaa. Tena geuza macho pale kwenye tundu la haja: kuna vikucha viwili pembeni. Vikiwa virefu huenda ni dume, na madume wengi hususa chakula msimu huu wa kutafuta majike.

Swali: hiyo stoo ina salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho? Kama ipo itoe, vumbi lake si zuri kwa pumzi yake.

Mwalimu_wa_Newala
Shikamoo mzee. Salfa ipo, mifuko ya shemeji. Leo inatoka yote. Nimepima alfajiri: nyuzi 18 ndani ya banda! Vikucha ni virefu, vinaonekana bila hata kumshika.

Mtwara_Rotterdam
Naongezea kidogo. Huku nafuga boa wa mitini wa Amerika Kusini, naye alinigomea. Boa hawa wa mitini na chatu kama wako wana vishimo midomoni vya kuhisi joto, ndivyo wanavyowinda gizani. Panya awe ameshakufa, mtumbukize kwenye maji ya moto akiwa ndani ya mfuko wa plastiki, mfute, kisha mshike kwa koleo ndefu usiku taa ikiwa imezimwa. Mtikise polepole mbele yake. Wangu alimdaka kabla sijahesabu tatu. Boa wangu anataka tawi la kuning'inia, chatu wako anataka shimo, ila kwenye joto la panya hawatofautiani.

Mwalimu_wa_Newala
Asante kaka. Mzee, nisubiri mpaka lini kabla ya kuogopa?

Mzee_wa_Masasi
Marahaba mwanangu. Chatu mwenye afya anakaa miezi bila kula, kwa hiyo usihesabu siku, hesabu kilo. Mtie kwenye gunia, mpime kila baada ya wiki mbili, uandike. Akipoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito, au akianza kukoroma, kutoa ute, au kuacha mdomo wazi, mtafute daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kwanza mpashe joto wiki nzima bila kumwonesha chakula. Halafu jaribu panya wa moto, mara moja kwa wiki, akikataa muondoe. Na panya usinunue kwa mtu anayetega kwa sumu.