Mrejesho: kijivu kinachogeuka wekundu kwenye mabango marefu

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini kwenye printa yangu ya mabango kijivu kinaanza vizuri, halafu kadiri bango linavyotoka kinavuta wekundu. Aliyesema tusihangaike na profaili (faili linaloiambia printa ichanganye wino vipi kupata kila rangi) alikuwa sahihi kabisa: profaili mbovu ingeharibu rangi tangu mwanzo. Nilichapa kila wino peke yake, mistari mipana ya asilimia 100. Nyeusi, majenta na njano zilitulia. Sayani (wino wa buluu-kijani) ikapauka taratibu mpaka ikaacha michirizi myeupe, na sayani ikipungua kijivu kinabaki na wekundu. Chujio la dampa yake (kifuko kidogo kinachopitisha wino kwenda kwenye kichwa cha kuchapia) lilikuwa limeziba. Kipimo cha nozo (mistari myembamba ya kukagua matundu ya wino) kilionekana safi kwa sababu kinatumia wino kidogo mno. Nimebadilisha dampa na kutoa hewa kwenye mrija, kijivu kimetulia. Bluu bado inavuta zambarau, ila hiyo ni tangu sentimita ya kwanza. Hapo ndipo naanza na profaili.