Naomba ushauri: mamangu ana baridi yabisi, mazoezi ya kutuliza akili yanamshinda akifika mikononi

Hamjambo wapendwa, niko huku Nakuru, naomba msaada juu ya mamangu. Ana baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo, na hii baridi ya Njoro asubuhi vidole vinakakamaa hadi kufunga vifungo vya sweta ni shida. Dawa anameza, methotreksati mara moja kwa wiki, na haachi, hiyo hatubishani. Sasa daktari amesema aongezee mazoezi ya utulivu, ile programu ya wiki 8 ya Jon Kabat-Zinn aliyoanzisha Marekani 1979 kwa watu wa maumivu sugu, unalala chali unapitisha mawazo mwilini polepole kutoka vidole vya miguu hadi kichwani huku ukifuata pumzi. Hiyo ya pumzi anaipenda sana, usiku analala vizuri. Lakini akifika kwa viganja anasema uchungu unazidi, anaacha. Je, aruke mikono aendelee ama akae nayo kidogo? Na nani ana rekodi za Kiswahili ama Kikalenjin, za Kingereza zinamchosha. Pia anauliza kama inagongana na maombi yake ya alfajiri. Mwenye amepitia hii na mzazi wake anisaidie tafadhali.