Bibi amekataa kula kwa wiki ya tatu, naomba ushauri

Mjukuu wa Korogwe: Habari zenu wanajamvi. Bibi yangu mzaa baba, mwenye umri wa miaka 84, ana ugonjwa wa kusahau tangu mwaka 2018, na kwa wiki tatu sasa anafumba mdomo kila anapoletewa chakula; hata bada, ambayo zamani hakuwa radhi kumgawia mtu, anaitazama tu. Naomba kujua ni chakula gani kitakachomrudishia hamu.

Tausi: Pole sana mwanangu. Marehemu mama yangu naye alisusa hivyo hivyo, tukamchemshia tende kwa tangawizi, akala hadi tukashangaa. Vijana wa siku hizi mnamwachia msichana wa kazi amlishe mzazi, halafu mnauliza kwa nini hali.

Muuguzi Mstaafu: Kwanza mtazameni mdomoni, kwa sababu mtu asiyeweza kueleza maumivu ya kidonda, utando mweupe au jino bovu hufumba mdomo tu. Angalieni pia kama anapata choo, na dawa anazomeza. Metformin ya kisukari, kwa mfano, hupunguza hamu ya kula. Je, anakohoa anapomeza? Na daktari amesema nini, mbona hujamtaja?

Mjukuu wa Korogwe: Mdomo ni safi, choo anapata, na kisukari hana. Anakohoa karibu kila kijiko, kwa hiyo shangazi humlaza na kumpa uji kwa bomba la sindano. Daktari ametuambia kwamba ugonjwa umefika ukingoni. Alhamisi atawekewa mpira wa kulishia kupitia puani, na baba mdogo ameshalipa, kwa hiyo hilo naomba tusilijadili.

Muuguzi Mstaafu: Hilo ndilo la kujadili. Kuanzia leo msimlishe akiwa amelala, kwani uji huingia njia ya hewa na kuleta nimonia. Mketisheni wima, mpeni kijiko kidogo cha kitu kizito, msubiri ameze, na akigeuza uso mwacheni. Jumuiya ya madaktari wa wazee ya Marekani ilitoa msimamo mwaka 2014 kwamba mipira ya kulishia haipendekezwi ugonjwa huu unapofika hatua za mwisho, na wagonjwa wengi huing'oa hadi wafungwe mikono. Bibi mwenyewe, alipokuwa na akili zake, aliwahi kusema anataka nini?

Msomaji Kimya: Samahani, lakini uzi huu unanuka utunzi. Mwaka jana ndugu huyu alitutangazia kifo cha bibi yake, nami nikampa pole. Bibi amefufuka?

Mjukuu wa Korogwe: Aliyefariki ni bibi mzaa mama, na mstari wa kwanza nimeandika mzaa baba. Muuguzi, swali lako nilikuwa nikilikwepa. Mwaka 2016 babu aliwekewa mpira kama huo, na bibi alikesha siku kumi na moja akimshika mikono asiung'oe. Baada ya arobaini alituambia: "Zamu yangu ikifika, msinitie mpira." Tuliosikia ni mimi na shangazi, baba mdogo alikuwa Muscat. Lakini anayelipa ni yeye, na watu watasema tumemwacha mama yao afe njaa.

Tausi: Watasema hata mkimwekea.

Msomaji Kimya: Naomba radhi kwa neno langu, na pole kwa bibi zako wote wawili.

Muuguzi Mstaafu: Mweleze baba yako mdogo kabla ya Alhamisi, kisha muulizieni daktari kuhusu tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso pale ugonjwa usipoponyeka. Muheza si mbali na kwenu, na huduma hiyo ina miaka mingi pale.

Mjukuu wa Korogwe: Nimempigia. Alikata simu, kisha akapiga mwenyewe na kuuliza mama yake alikuwa amekaa wapi aliposema maneno yale. Nikamjibu kwamba alikuwa barazani, karibu na mtungi. Alinyamaza hadi nikadhani salio limekwisha. Shangazi amemketisha bibi jioni hii. Amekula vijiko viwili vya maziwa ya mgando, cha tatu akafumba mdomo, nasi hatukumlazimisha.