Redio za Kisumu, Nakuru na magharibi zilazimishwe kupiga wasanii wapya wa hapa?

Mwanzisha mada, Kisumu

Wadau, hoja yangu ni hii. Kanuni za utangazaji nchini zinataka vituo vitenge asilimia 40 ya muda wao kwa maudhui ya Kenya, bila kuhesabu habari na matangazo ya biashara, na lengo lililowekwa lilikuwa kufika asilimia 60. Wanamuziki wameidai haki hiyo miaka nenda miaka rudi, hadi kukawa na kampeni ya Play KE, ya kutaka redio zipige muziki wa Kenya. Mimi nasema sharti hilo, hata likifuatwa neno kwa neno, halimfikii kijana aliyerekodi wimbo wake wa kwanza juzi kwenye studio ya chumba kimoja Nyalenda, au Kaptembwo kule Nakuru. Linawafikia wale ambao tayari tunawajua.

Asilimia ni rahisi kuijaza. Unachukua vibao vichache vya Nairobi vilivyokwisha kuvuma, unavizungusha kutoka alfajiri hadi usiku, hesabu imetimia. Ufaransa walipitia jambo hili hili. Tangu 1996 redio zao zinatakiwa asilimia 40 ya nyimbo ziwe za Kifaransa, na nusu ya hizo ziwe za vipaji vipya au kazi mpya. Vituo vikatii kwa kurudia nyimbo zile zile. Ilibidi sheria irekebishwe mwaka 2016: nyimbo kumi zinazorudiwa zaidi zikipita nusu ya nyimbo zote za Kifaransa zinazopigwa, ile ziada haihesabiwi tena. Yaani wenzetu walitambua kwamba kulinda muziki wa nyumbani ni kitu kimoja, na kumpa mlango msanii mpya ni kitu kingine.

Ninachotaka tudai ni saa moja ya kila siku, saa ambayo watu wanasikiliza kweli, kwenye kila kituo kinachotangaza kutoka Kisumu, Nakuru, Kakamega, Bungoma na miji jirani. Ndani ya saa hiyo zipigwe nyimbo zilizotoka ndani ya mwaka, za wasanii wanaofanyia kazi eneo hili.

Jambo hili linaniuma. Ayub Ogada alikuwa mtu wetu, mpiga nyatiti, kile kinubi cha Kijaluo. Albamu yake iliyomtambulisha ulimwenguni ilitolewa 1993 na Real World, kampuni ya Peter Gabriel huko Uingereza. Mwaka 2005 filamu ya nje iliyopigwa humu nchini ikatumia wimbo wake, na Wakenya wengi wakamsikia hapo kwa mara ya kwanza. Alifariki 2019. Mtu anaimba kwa lugha ya kwetu, na sisi tunasubiri Mwingereza aje atuambie ni mzuri!

Mchangiaji, Section 58, Nakuru

Ndugu, nia yako ni njema lakini umepitwa na wakati. Gengetone, ule muziki wa vijana wa mitaani Nairobi, ilipolipuka 2018, redio ndizo zilizokuwa za mwisho kuamka. Vijana walipiga video mtaani, wakapandisha YouTube, matatu zikazichukua, na watangazaji wakafuata nyuma kwa sababu wasikilizaji walikuwa wanaziomba. Hakuna kanuni iliyosaidia, na baadhi ya nyimbo zile zisingepita kwenye kanuni yoyote.

Leo hali imekuwa rahisi zaidi. Spotify, programu ya kusikilizia muziki kwenye simu, ilifika Kenya Februari 2021. Boomplay unaikuta tayari kwenye simu nyingi za Tecno na Infinix unapozinunua. Mdundo wanakupa wimbo upakue bure. Binti yangu wa kidato cha tatu hana habari redio iko masafa gani, ila atakutajia wasanii ambao wewe na mimi hatujawahi kuwasikia. Kwa nini tulazimishe wenye vituo kufanya kazi ambayo simu inaifanya bila kulazimishwa? Mtu huwezi kumshurutisha apende wimbo.

DJ wa matatu, Kondele

Wote wawili mmetusahau. Hapa Kisumu wimbo unajaribiwa kwenye matatu.

Niwaeleze kazi ilivyo. Konda anakuja jioni na flashi, anataka miksi ya saa moja ya kesho asubuhi. Siwezi kumwekea nyimbo nzima. Naweka ubeti mmoja, kiitikio, naruka wimbo unaofuata kabla abiria hajachoka. Juu ya kiitikio inaingia sauti inayotaja jina langu, kwa sababu miksi ikinakiliwa hadi Busia nataka nijulikane ilitoka kwa nani. Faili nalo limeandikwa jina langu na nambari ya miksi. Kijana wa Manyatta akiniletea wimbo na nikaupenda, nauingiza kati ya vibao viwili vikubwa. Konda akirudi kuniuliza "ule wa tatu, uongeze," basi huo umepita. Nimeona nyimbo zikitembea hivyo kutoka Kondele hadi Ahero, na hakuna redio iliyokuwa imezigusa.

Tatizo langu na hoja ya saa ya lazima ni kwamba itageuka saa ya huruma. Watu watajua ikifika saa hiyo kuna nyimbo mbovu, watazima.

Mwanzisha mada, Kisumu

Ndugu yangu wa Kondele, nakuheshimu, na kazi yako naijua kwa masikio. Lakini angalia ulichoandika. Abiria aliyeshuka Ahero akiupenda wimbo huo, atauliza jina la nani? Atatajiwa lako. Kesho akitafuta kwenye simu ataandika jina lako, apate miksi zako. Yule wa Manyatta amesikika na watu wote wa gari na bado hakuna anayemjua. Hatapata mwaliko wa harusi, hatapata shoo ya ufukweni Dunga. Anayekupendekezea msanii lazima akutajie jina lake, na mtangazaji mzuri hulitaja mara mbili, mwanzo na mwisho wa wimbo. Hilo ndilo ambalo sijaliona kwenye matatu wala kwenye simu.

Nije kwa ndugu wa Nakuru na simu zake, maana hapa ndipo penye mzizi. Programu hizi hupendekeza nyimbo hasa kwa kulinganisha wasikilizaji. Mimi na wewe tukiwa tunasikiliza nyimbo kumi zile zile, ile ya kumi na moja uliyoipenda wewe italetwa kwangu. Kwa wimbo uliokwisha kupata watu, mpango huu unafanya kazi vizuri sana. Wimbo uliopandishwa jana Kakamega, uliosikilizwa na msanii, dada yake na prodyusa, una nini cha kulinganishwa? Programu haina chuki naye, haimwoni tu. Lazima kwanza wapatikane watu wa kutosha wa kuusikiliza nje ya programu ndipo programu imjue.

Na msidhani ndani ya simu hakuna malipo ya mlangoni. Spotify wana mpango ambao msanii anakubali kukatwa sehemu ya mrabaha, yaani malipo ya wimbo wake kusikilizwa, ili wimbo wake usukumwe zaidi kwa wasikilizaji. Tangu 2024, wimbo usiofikisha misikilizo 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi mrabaha wa rekodi kabisa. Kwa msanii mkubwa misikilizo 1,000 ni ya dakika chache. Kwa yule wa studio ya Nyalenda, hiyo ndiyo tofauti kati ya kuendelea na kurudi kuuza mitumba Kibuye.

Halafu kuna bando. Binti yako yuko na Wi-Fi ya nyumbani. Mama anayekaanga samaki, fundi wa viatu, askari wa lango la usiku, kijana wa boda aliyefunga redio kwenye tangi, hao hawachezei bando kusikiliza wimbo wasioujua. Wanaokoa data kwa WhatsApp. Redio haiwatozi kitu, na wako wengi. Tukiwatoa hao kwenye hesabu ya muziki mpya, tumewaachia wenye Wi-Fi peke yao kazi ya kuamua nani atavuma.

Mtangazaji wa zamani, Nakuru

Nimekaa mbele ya kipaza sauti miaka mingi, kwa hiyo naomba mnisikilize kidogo.

Mwenye kituo anauza saa. Mtu wa matangazo anataka kujua saa mbili asubuhi kuna masikio mangapi, basi. Ukiniwekea wimbo usiojulikana saa hiyo, na kituo cha jirani kikaweka kibao kinachovuma, msikilizaji anahama, na bosi ananiita ofisini. Kwa hiyo kusema "watangazaji wawe na moyo" ni kupoteza muda. Ikiwa ni sheria, iwafunge wote kwa saa ile ile moja, ili asiwepo wa kumkimbilia. Hapo naunga mkono.

Lakini kuna jambo mnalikwepa. Nafasi hewani ina bei. Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, sitakitaja, kijana alikuwa anaambiwa wimbo wake "unasubiri kusikilizwa" hadi siku aliyoelewa kwamba kinachosubiriwa ni kitu kidogo. Sasa hivi msanii mpya asiye na pesa anapigwa mara chache kwa bahati, kwa sababu mtangazaji mmoja ameupenda wimbo. Mkitengeneza saa rasmi ya wasanii wapya, mnatengeneza bidhaa. Kila nafasi ndani ya saa hiyo itawekewa bei na yule anayepanga nyimbo, na wale wasio na kitu watafungiwa nje kabisa, safari hii kwa jina la sheria. Mnieleze hilo mtalizuia vipi.

Msanii, Kakamega

Dada yenu hapa, naimba kwa Kiswahili na Kiluhya, gitaa na ngoma za kompyuta. Mzee wa Nakuru amesema kweli tupu. Mimi niliombwa pesa sawa na gharama yote ya kurekodi. Nikatoka.

Lakini nikichagua kati ya mlango wenye mlinzi mla rushwa na ukuta usio na mlango, nipeni mlango. Mlinzi anaweza kushtakiwa.

Mchangiaji, Bungoma

Mimi nauliza swali la lugha. Redio nyingi za huku ni za lugha za mama. Kituo cha Kibukusu kinataka Kibukusu, cha Kijaluo kinataka Kijaluo, na hawa wanawajali wasanii wa kwao kuliko tunavyowasifu. Ohangla, benga na litungu, miziki ya huku, zinapigwa. Anayeumia ni kijana wa Bungoma au Kitale anayeimba popu ya Kiswahili au Sheng. Kituo cha lugha kinamwambia wimbo si wa utamaduni wetu. Vituo vya Nairobi vinamwambia njoo Nairobi. Mnamweka wapi?

Na tusiwape redio sifa zote. Suzanna Owiyo alivuma kwa wimbo wa kuadhimisha miaka 100 ya mji wa Kisumu. Ni tukio la mji lililomtambulisha. Kaunti zetu kila mwaka zina sherehe, maonyesho ya kilimo, mashindano, na kila mara jukwaa kubwa linapewa msanii kutoka Nairobi kwa pesa nyingi, huku wa hapa wakiimba saa nne asubuhi mbele ya viti vitupu. Pesa hizo ni za umma, tuanzie hapo kabla ya kugusa biashara ya mtu binafsi.

Mwanzisha mada, Kisumu

Ndugu wa Bungoma, la majukwaa ya kaunti nalichukua lote. Tena ni rahisi kuliko la redio, kwa sababu bajeti hujadiliwa na wananchi tuna haki ya kwenda kusema pale. Msanii wa hapa apangiwe saa ya jioni, viti vikiwa vimejaa, na alipwe siku hiyo hiyo.

La lugha umenigusa, na linanibadilishia maneno ya hoja. Saa hiyo isiulize lugha wala kabila. Iulize wimbo ulirekodiwa wapi na msanii anaishi wapi. Kijana wa Bungoma anayeimba Sheng ni wa Bungoma. Kituo cha lugha ya mama kikitaka kubaki na lugha yake saa 23 zilizobaki, sina neno.

Sasa swali gumu la mzee wa Nakuru kuhusu bei ya nafasi. Jibu langu ni orodha. Vituo hulipia leseni za muziki kwa vyama vya hakimiliki, na mgawo wa haki hauwezekani bila rekodi ya nyimbo zilizopigwa. Basi kila Jumatatu kituo kitoe hadharani orodha ya nyimbo za saa hiyo kwa wiki iliyopita: jina la wimbo, msanii, mji. Tuongeze kwamba msanii asirudiwe zaidi ya mara mbili kwa wiki. Kijana aliyeombwa pesa akakataa ataona ni akina nani waliopita na mara ngapi, na waandishi wataona. Rushwa haitaisha kwa orodha, najua, ila jina moja likitokea wiki hadi wiki litaulizwa, na leo hakuna pa kuuliza.

DJ wa Kondele, hofu yako ya saa ya huruma naijibu kwa kukuomba wewe na wenzako muingie ndani yake. Nyinyi mna sikio. Chagueni zile ambazo konda alirudi kuziomba, mzilete hewani nzima, mtaje majina. Na kwenye miksi zenu, hata leo, kabla ya sheria yoyote, wekeni jina la msanii kwenye faili.

DJ wa matatu, Kondele

La jina kwenye faili halina shida, naanza na miksi ya kesho. La kuja redioni, nani atanilipa usiku huo?

Mtangazaji wa zamani, Nakuru

Hilo swali la malipo ndilo bosi wangu angeuliza pia. Mdhamini mmoja wa saa hiyo, kampuni yenye biashara hapa hapa, anaweza kumlipa DJ na kumtuliza mwenye kituo. Orodha ya Jumatatu naikubali, mradi itaje pia saa kamili ya kila wimbo, la sivyo nyimbo za wapya zitapangwa zote dakika tano za mwisho, mkifikiria zimepigwa vizuri. Nimeliona likifanyika.

Mwanzisha mada, Kisumu

Nimeongeza: saa na dakika. Maombi nitayaandika kwa Mamlaka ya Mawasiliano na nakala kwa idara za utamaduni za kaunti. Walio tayari kutia sahihi waseme kaunti zao hapa, na wanaopinga waendelee kupinga kabla sijayatuma.