Desktopu ya Linux kwenye meinifremu, niko Arusha nimekwama, msaada wakuu

ChaliiWaNjiro
Wakuu habari za jioni. Niko Njiro hapa, kuna kazi inanitoa jasho toka Jumatatu. Ofisini tuna programu ya Java, ile ya madirisha ya kubofya, mambo ya hesabu za saccos, sasa kuna mteja anahamishia vitu vyake kwenye meinifremu (yale makompyuta makubwa ya mabenki) ya IBM yenye Linux, bosi kaniangalia akaniambia hebu jaribu kama itawaka kule. Nikajisajili kwenye LinuxONE Community Cloud, unapewa mashine bure siku 120, nikachagua Linux ya Ubuntu, nikashusha ufunguo wa .pem nikaingia kwa SSH (ile ya kuandika komandi ukiwa mbali) kama yuza linux1 bila shida yoyote. Nikapiga uname -m ikanijibu s390x, yaani prosesa ya meinifremu, nikaweka mpaka status 😂

Furaha ikaishia hapo. Nilianza na AnyDesk, ile ya kuona skrini ya kompyuta iliyo mbali, maana ndo niliyoizoea, ikakataa kuingia, inasema pakeji ni ya amd64 na mfumo ni s390x. Nikajaribu ssh -X, inayoleta madirisha ya Linux kupitia SSH, huku nimewasha VcXsrv ya kuyapokea kwenye laptopu, dirisha likatokea kweli, ila menyu moja ukiibofya unaweza kwenda kununua maandazi ukarudi ndo inafunguka. Nikavumilia, nikaanza kuingiza data za majaribio, imefika katikati umeme wa mtaani ukakata, ruta ikazima, programu nayo ikafa hapo hapo. Zote nianze upya.

Mwisho nikaweka VNC, nayo ni ya kuona skrini ya mbali, inaunganika lakini napata skrini ya kijivu tupu na mshale wa mausi basi. Rafiki yangu ananiambia fungua poti 5901, mlango wa VNC kwenye mtandao, kwa dunia nzima itakaa sawa. Ni kweli? Nakosea wapi?

BandoLimekata
Desktopu kwenye meinifremu? Chalii wewe kesho utafunga subwoofer kwenye lori la mchanga. Ila nafuatilia uzi.

MangiWaTerminal
Pole chalii, niko Moshi, Soweto, hii ngoma iliwahi kunilaza macho kwa hiyo ngoja nikupe kwa urefu.

Kwanza huyo rafiki yako asikusogelee kwenye seva. Poti 5901 usiifungue kwa mtu, VNC ya kawaida paswedi yake inasoma herufi 8 za mwanzo tu, hata ukiandika shairi zima, wenye kupekua intaneti wataipata haraka.

AnyDesk sahau. Ile imetengenezwa kwa prosesa za Intel na ARM, hii s390x ni prosesa nyingine kabisa, haielewi maelekezo yale. Java yako imekubali kwa sababu haijafungwa kwa prosesa moja, inategemea tu hiyo mashine iwe na Java yake, na inayo.

Sasa kuhusu skrini. Hiyo mashine haina kadi ya picha na hakuna mahali unachomeka monita, konsoli yake ni ya maandishi tu. Kwa hiyo lazima kitu fulani kijifanye skrini. Ukitumia ssh -X, skrini ni laptopu yako: programu iko Marekani, jimbo la New York, kila inapotaka kuchora kitufe inauliza laptopu iliyoko Njiro, inasubiri jibu, inauliza tena. Maswali mamia kwa menyu moja, na kila swali linavuka bahari. Ndo maana ulienda kununua maandazi. Na kwa sababu skrini ni laptopu, laini ikikata skrini imekufa, na programu inakufa nayo.

VNC ni kinyume chake. Skrini inachorwa kule kule kwenye memori ya seva, wewe unaletewa picha tu. Umeme ukikata Njiro, kule hawana habari, ukirudi unakuta dirisha liko vile vile. Kwa sisi wa huku hiyo peke yake inatosha kuchagua VNC.

Skrini ya kijivu maana yake VNC imewaka lakini hakuna desktopu ndani yake. Weka XFCE, desktopu nyepesi, na TigerVNC ambayo ndo seva ya VNC. Fanya hivi:

sudo apt install xfce4 dbus-x11 tigervnc-standalone-server

Usiweke GNOME, ile desktopu nzito. Bila kadi ya picha kila kivuli na kila madoido yanapigwa hesabu na prosesa, utaona load inapanda na hujafungua kitu. Ukikosa komandi ya vncpasswd ongeza tigervnc-tools. Halafu kwenye ~/.vnc/xstartup weka:

#!/bin/sh
unset SESSION_MANAGER
unset DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS
exec startxfce4

Ile mistari miwili ya unset usiiruke, na chmod +x usisahau, mimi nilisahau nikapoteza jioni nzima. Ua ya zamani kwa vncserver -kill :1 kisha:

vncserver :1 -localhost yes -geometry 1280x720

Hiyo -localhost inamaanisha hakuna wa nje atakayeiona. Wewe unapita kwenye handaki la SSH:

ssh -i ufunguo.pem -L 5901:localhost:5901 linux1@IP_ya_mashine

Liache hilo dirisha wazi, fungua VNC viewer kwenye laptopu, andika localhost:1. Kama unatumia PuTTY kuna sehemu ya Tunnels chini ya SSH, source 5901, destination localhost:5901. Poti inayofunguliwa kwa nje ni 22 tu, ambayo tayari unaitumia.

DadaSeva_Sakina
Mangi kaeleza vizuri ila mimi napingana naye kidogo. Kaka Njiro, wewe unahitaji desktopu nzima ya nini? Una programu MOJA. Kwenye xstartup mstari wa mwisho toa startxfce4, weka openbox & (kimeneja kidogo cha madirisha tu) halafu chini yake java -jar ya kwenu. Unapata dirisha moja, hakuna paneli, hakuna picha ya mlima nyuma, bando linapona.

Sisemi kwa ushamba. Kwenye mashine za kulipia, Linux ya meinifremu inakaa kwenye prosesa maalum zinaitwa IFL, zinanunuliwa kwa idadi, na programu nyingi kubwa zinalipiwa leseni kwa kila prosesa. Mwenye mashine akiona mtu kawasha desktopu kamili ili abofye hesabu za saccos atawafukuza kwenye mkutano. Kwa majaribio yako sawa, ila ukienda kwa mteja ongea na madevelopa wenu programu iwe na namna ya kuingiza data kwa komandi bila dirisha. Kile kilichokufa umeme ulipokata kingekuwa cha komandi na kingepigwa ndani ya tmux, inayoshikilia komandi kule kwenye seva hata laini ikikata, kingeendelea chenyewe.

Jingine, hakikisha Java uliyoweka sio ile pakeji yenye neno headless. Hiyo haina maktaba za madirisha kabisa, inakuja na makosa ya libawt_xawt.so na mtu anahangaika na VNC bure. Weka openjdk-17-jre, sio openjdk-17-jre-headless.

MangiWaTerminal
Dada Sakina hapo kwenye openbox nakukubalia, ila kijana anajifunza, akifungua terminal na meneja wa faili pembeni anaona kinachoendelea. Tusimnyime picha ya mlima, sisi wa Moshi tunaiona bure asubuhi mawingu yakitoka.

MzeeWaKijenge
Vijana naona mnajitahidi. Sisi tulioanza na zile skrini za kijani za 3270, za maandishi tu za meinifremu, mtu kuongelea mausi kwenye mashine hizi ni kituko. Linux yenyewe iliingia huko karibu mwaka 2000, SUSE wakiwa wa mwanzo kuuza distro (toleo la Linux lililofungashwa tayari) yake, Ubuntu kaja baadaye sana na toleo la 16.04. Na msidhani VNC ni ujanja wa mtaani, hata anayeinstoli SUSE 15 kwenye meinifremu anaulizwa mwanzoni kabisa anataka VNC au SSH, kwa sababu hiyo hiyo aliyosema Mangi, hakuna skrini.

Kijana wa Njiro, nenda kamuulize mteja anatumia distro gani na toleo gani kabla hujaandika ripoti. Kama ni Red Hat 9 haya ya TigerVNC yapo, ila hauandiki xstartup, unataja yuza kwenye /etc/tigervnc/vncserver.users, mfano :1=jina, kisha unawasha huduma ya vncserver@:1 kwa systemctl. Kama ni Red Hat 10, wameiondoa seva ya Xorg, ile ya zamani ya kuchora madirisha, pamoja na TigerVNC, wamehamia Wayland kwa kuchora na RDP kwa kuona skrini ya mbali. Utafika na maelezo yako ya Ubuntu uaibike.

ChaliiWaNjiro
Shikamoo mzee, hilo la toleo hata sikuwaza, nimeshamtumia bosi meseji aulize.

Mangi na dada Sakina Mungu awabariki. IMEWAKA. Na dada umenitabiria, nilikuwa na ile ya headless, nilipoweka nyingine dirisha likaja lenyewe. Nimeacha XFCE kwanza, openbox nitajaribu kesho.

Sasa nimeenda kula, kurudi nakuta skrini imejifunga inadai paswedi ya linux1. Paswedi gani? Mimi naingia kwa ufunguo sijawahi kupewa paswedi. Ya VNC nimeijaribu inakataa.

BandoLimekata
Amejifungia nje ya nyumba yake mwenyewe 😂😂

DadaSeva_Sakina
Hiyo ya VNC ni ya kuingilia VNC tu, hii inataka ya yuza wa Linux na kweli huna. Rudi kwenye SSH, piga sudo passwd linux1, weka paswedi, ndo ufungue nayo. Ukishaingia iondoe kabisa hiyo ya kufunga, sudo apt remove light-locker xfce4-screensaver, skrini ambayo hakuna mtu anaiona inafungwa ya nini, na ikileta michoro inakula prosesa.

MzeeWaKijenge
Marahaba. Na hiyo paswedi iwe ndefu.

ChaliiWaNjiro
Imefunguka dada, asante. Nimeanzisha tena kuingiza data, saa 2 usiku umeme ukakata kama kawaida, nikakaa gizani nusu saa nachezea simu. Umerudi, nikafungua handaki, localhost:1, dirisha liko pale pale na kaunta imeshapita rekodi 4,000, mshale wa mausi nao uko nilipouacha.

Nimemrekodia bosi video, ananiuliza kwa nini picha ya nyuma ni panya. Nimwambie nini?

MangiWaTerminal
Mwambie ni nembo ya XFCE, halafu ubadilishe uweke Meru.